Sura ya Nne: Buabua wa Mikindani

Ghuba ya ndani ya Mikindani ina mlango mwembamba, na ukishaupita maji yanatulia. Kwa sababu hiyo majahazi yalitia nanga humo karne nyingi, na David Livingstone alipita hapa mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho barani. Kwa ndege wa bahari utulivu huo una faida ya namna nyingine. Maji yakipwa, hasa siku za bamvua, tope na mchanga hufunuka mbele ya mikoko, na vidimbwi vinavyobaki huwa na samaki wadogo tele. Maji yakijaa, ndege hukosa pa kusimama isipokuwa kwenye mafungu machache ya mchanga, juu ya vigingi vya nyuzio za kutegea samaki na kwenye ngalawa zilizofungwa. Hiyo ndiyo saa ya kuwatazama. Wanasongamana spishi nne au tano mahali pamoja, wote wameelekeza midomo upepo unakotoka.

Makundi ya namna hii yapo msimu wa kaskazi kwenye mwambao wote, kuanzia Mikindani kupita Mtwara, Msanga Mkuu na Msimbati hadi mtoni Ruvuma. Upande wa kusini eneo kubwa limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 ikiwa na kilomita za mraba 650 za bahari na nchi kavu. Mjerumani Hermann Grote alichapisha mwaka 1912 maelezo ya ndege wa kusini-mashariki mwa koloni la wakati huo, yaani upande huu wetu. Kwa hiyo kuwaandika ndege wa huku si jambo la jana.

Mvuvi anapowaona wamejikusanya nje ya ghuba, wanapiga mbizi mmoja baada ya mwingine, anajua kuna samaki wakubwa chini, pengine jodari, wanaosukuma vidagaa juu. Anawaita shakwe na anageuza tanga. Kwa kazi yake jina hilo linatosha kabisa. Kwa kazi ya sura hii halitoshi, na sababu yake ni ya kiserikali kuliko unavyoweza kudhani. Kila Januari watu wa nchi nyingi za Afrika, Ulaya na Asia huhesabu ndege wa majini. Hesabu hizo hutumiwa, pamoja na mengine, na Mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, ulioanza kutumika mwaka 1999, ambao Tanzania ni mwanachama wake. Mkataba huo hauwaorodheshi ndege kwa spishi peke yake. Unawagawa kwa makundi ya uzazi: wanaozaa Bahari ya Shamu wana mstari wao, wanaozaa Afrika Mashariki na Shelisheli wana wao, wa kusini mwa Afrika wana wao. Kundi dogo hupewa ulinzi mkali zaidi. Basi daftari likisema "shakwe 200", hao 200 hawana mstari wa kuingia. Wamehesabiwa na bado hawamo.

Tuanze na jamaa. Shakwe wenyewe ni wanene, mbawa zao ni pana, mkia wao umekatwa sawa. Buabua ni wembamba, mbawa zao zimechongoka, mkia wao una panda, na wanaporuka juu ya maji huinamisha mdomo chini wakitafuta. Mikindani wengi wanaosimama kwenye fungu ni buabua, na kati yao wawili wanashika macho haraka kwa sababu wana kishungi, yaani manyoya meusi ya kisogoni yanayosimama upepo ukiyapiga. Nitawaita kishungi mkubwa na kishungi mdogo. Katika vitabu vya sayansi mkubwa ni Thalasseus bergii, mdogo ni Thalasseus bengalensis.

Wakisimama pamoja, ukubwa unamaliza nusu ya kazi. Kishungi mkubwa ana uzito wa kati ya gramu 320 na 400, mdogo yuko kwenye gramu 200 hivi, kwa hiyo mmoja anakaribia kuwa mara mbili ya mwenzake. Lakini ukubwa hauonekani mpaka kuwe na wa kulinganisha naye. Ndege mmoja peke yake juu ya kigingi, hewa ikitetemeka kwa joto, anaweza kuwa wa kimo chochote. Ndiyo sababu nawashauri wanaoanza wasimtafute ndege mmoja wa pembeni. Watafute kundi, walipime ndani kwa ndani.

Halafu mdomo. Wa mkubwa ni wa njano ya ndimu, wakati mwingine una ukijani, ni mrefu na umeinama kidogo kuelekea ncha. Wa mdogo ni wa rangi ya chungwa, mwembamba na umenyooka zaidi. Maneno haya ni mepesi kuyakariri, na hapa ndipo wengi wanapoishia. Ngoja jua lishuke nyuma ya mji. Mwanga wa saa kumi na moja na nusu huifanya kila njano kuwa chungwa. Ndege mchanga wa kishungi mdogo, kwa upande wake, ana mdomo uliofifia unaoweza kuonekana wa njano hata saa sita mchana. Rangi ya mdomo ni shahidi mmoja, na shahidi huyu hubadilisha maneno kulingana na saa.

Kwa hiyo tazama paji la uso. Kishungi mkubwa, hata akiwa kwenye manyoya yake kamili ya kuzaa, ana utepe mweupe kati ya mdomo na kofia nyeusi. Kofia haigusi mdomo. Kishungi mdogo akiwa kwenye manyoya ya kuzaa, weusi unashuka hadi kwenye mzizi wa mdomo. Alama hii ni nzuri sana, ila ina msimu wake. Kishungi mdogo hazai kwetu. Anazaa Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi, visiwa vichache vya pwani ya Libya, na upande mwingine kaskazini mwa Australia. Anapokuwa Mikindani mwezi wa Januari, yuko mbali na kuzaa, na paji lake nalo ni jeupe hadi juu ya utosi, weusi umebaki kisogoni tu. Kati ya Machi na Aprili, kabla hajaondoka, manyoya mapya meusi huanza kutoka, kwanza madoadoa, kisha kofia nzima. Wiki hizo, masika yakianza kunyesha, ndizo bora kuliko zote kwa anayetaka kujifunza, kwa kuwa kundi moja litakuwa na ndege wa kila hatua.

Kuna jambo la bawa ambalo vitabu vidogo havilisemi vya kutosha. Manyoya marefu ya ncha ya bawa la buabua, yakiwa mapya, yamefunikwa na rangi ya fedha iliyo kama unga. Unga huo ndio unaowafanya waonekane weupe wanapogeuka juani. Chini yake unyoya wenyewe ni mweusi. Kadiri miezi inavyopita, jua, chumvi na kupiga mbizi vinauondoa unga, na weusi unatokeza. Ndege wa Januari mara nyingi ana manyoya ya ndani mapya yanayong'aa na ya nje ya zamani yaliyochakaa na kuwa meusi, na mpaka kati ya hayo mawili unaonekana wazi anapokunjua bawa kujinyoosha. Mtu asiyejua atadhani ameona spishi nyingine yenye ncha nyeusi. Aliyeona bawa linavyochakaa atasoma humo umri wa manyoya, na mara nyingine umri wa ndege.

Ubishi juu ya midomo ya chungwa si wa wanafunzi tu. Kuanzia miaka ya 1970 pwani ya Ufaransa na Hispania walionekana buabua wachache wenye mdomo wa chungwa wakizaa katikati ya makundi ya buabua wa Sandwich. Baadhi ya wataalamu walisema ni kishungi mdogo aliyepotea kutoka Libya. Wengine walisema ni buabua wa pwani ya Pasifiki ya Marekani, Thalasseus elegans, aliyevuka bara zima na bahari nzima. Wengine walisema ni chotara. Watu waliokuwa na darubini bora kuliko zetu na picha za karibu walibishana kwa miongo. Mwishowe zilipimwa chembe za urithi, na matokeo yaliyotoka muongo uliopita yakaonyesha kwamba wale waliopimwa na kudhaniwa elegans walikuwa elegans kweli. Wakati huohuo kishungi mdogo halisi aliwahi kufika visiwa vya Farne, Uingereza, akarudi huko mwaka baada ya mwaka tangu 1984 hadi miaka ya 1990, akapata wenza wa spishi ya Sandwich na kulea nao machotara. Nayataja haya kwa sababu yanatuondolea unyonge. Anayekaa Mikindani na kuandika "sina hakika" anafanya kazi ileile waliyofanya wao.

Na hapo swali la pili linaingia, la ukoo. Ikiwa ndege wa Libya anaweza kuzaa na ndege wa Uingereza, nani ndugu ya nani?

Linnaeus alipopanga viumbe mwaka 1758 aliwaweka buabua wote aliowajua katika jenasi moja, Sterna. Mwaka 1822 Mjerumani Friedrich Boie aliona hawafanani vya kutosha. Wenye vishungi akawapa jenasi ya Thalasseus, na wale wadogo sana akawapa Sternula. Miaka hiyohiyo spishi zetu mbili zilikuwa zinapata majina. Mkubwa alielezwa mwaka 1823 na Lichtenstein wa makumbusho ya Berlin, akamuenzi Bergius, mfamasia wa Prussia aliyemkusanya karibu na Cape Town na kufia huko. Mdogo alielezwa mwaka 1831 na Mfaransa Lesson, daktari wa meli. Lakini mgawanyo wa Boie haukudumu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya ishirini vitabu viliwarudisha karibu wote ndani ya Sterna, na mtu aliyejifunzia ndege kwa vitabu vya miaka ya 1980 alijua Sterna bergii na Sterna bengalensis. Ukikuta majina hayo kwenye ripoti za zamani za pwani yetu, ni ndege hawahawa.

Mwaka 2005 Eli Bridge, Andrew Jones na Allan Baker walichapisha mti wa ukoo wa buabua uliojengwa kwa kusoma chembe za urithi za mitokondria. Mti huo ulirudisha sehemu kubwa ya kazi ya Boie. Wenye vishungi walitoka tawi moja, wadogo tawi jingine, buabua wenye migongo myeusi wa bahari kuu tawi jingine, Onychoprion. Sterna ikabaki na wale waliobaki. Mwaka uliofuata chama cha wataalamu wa ndege wa Marekani kiliukubali mgawanyo huo, na vitabu vya dunia vikafuata. Familia nayo ikatikiswa, na leo wengi huwaweka buabua pamoja na shakwe katika Laridae badala ya kuwapa familia yao. Kwa hiyo mvuvi anayewaita wote kwa jina moja hayuko mbali na mti huo.

Kilichonivutia mimi katika kazi ile ni vichwa. Waandishi walipolinganisha matawi na rangi za manyoya, waliona kwamba mpangilio wa weusi na weupe kichwani unafuata ukoo kwa kiasi kikubwa: kishungi katika tawi moja, paji jeupe lenye mstari mweusi wa jicho katika matawi mengine, kofia kamili katika Sterna. Yaani sehemu ileile tunayoitazama kwenye fungu ili kuwatofautisha ndiyo inayobeba habari za asili yao. Rangi ya mdomo haiwezi kusema hivyo. Katika Thalasseus peke yake kuna midomo ya njano, ya chungwa, na myeusi yenye ncha ya njano, na kishungi mdogo wetu mwenye chungwa yuko karibu kinasaba na buabua wa Sandwich wa Ulaya mwenye mdomo mweusi kuliko alivyo karibu na kishungi mkubwa anayesimama kando yake. Machotara wa visiwa vya Farne walikuwa wametuonyesha mlango.

Kishungi mkubwa ana mambo yake ya ndani. Anaenea kutoka Namibia hadi visiwa vya Pasifiki, na amegawanywa katika nususpishi kwa ukubwa na kwa ukolezi wa kijivu cha mgongo. Anayezaa Tanzania na Shelisheli ni thalassina, aliyeelezwa na Erwin Stresemann mwaka 1914, mdogo na mweupe zaidi mgongoni. Mahali pake maarufu kwetu ni Fungu Kizimkazi, kile kisiwa kidogo cha matumbawe kilicho nje, kusini-mashariki ya Unguja, ambacho ramani za kigeni hukiita Latham. Huko hakuna mti wala maji ya kunywa, na ndege wa bahari huzaa chini kabisa kwenye ardhi tupu. Kisiwa cha aina hiyo ni cha kuogopewa, kwa maana kwamba mashua moja inayoshusha watu wa kuokota mayai inaweza kuharibu uzazi wa mwaka mzima. Kusini ya Ruvuma, kwenye pwani ya Msumbiji, wanafika ndege wa makundi ya kusini, wakubwa zaidi. Mikindani iko karibu na mpaka wa makundi hayo kama ilivyo karibu na mpaka wa nchi. Kishungi mkubwa anayesimama hapa anastahili kuandikwa pamoja na ukolezi wa mgongo wake, kwa kumlinganisha na kishungi mdogo jirani, maana rangi hiyo ni mojawapo ya njia chache za kukisia ametoka upande gani bila kumshika.

Mgumu kuliko wote ni yule mdogo kabisa, wa kama gramu 45, anayeelea juu ya vidimbwi akipigapiga mbawa kabla hajajitupa majini. Huyu ni Sternula, na swali ni Sternula yupi. Allan Octavian Hume, ofisa wa Kiingereza nchini India, alimtenga mwaka 1877 ndege aliyemwita saundersi, kwa heshima ya mtaalamu Howard Saunders. Ndege wa Saunders anazaa Bahari ya Shamu, Somalia, Arabuni hadi Pakistan na Sri Lanka, na anakuja kwetu kwa maelfu msimu wa kaskazi. Ndugu yake albifrons ana eneo pana zaidi, Ulaya na Asia. Muda mrefu saundersi alihesabiwa kuwa aina tu ya albifrons, na kwa macho ni rahisi kuelewa kwa nini.

Wakiwa na manyoya ya kuzaa, weupe wa paji la albifrons unachongoka na kupita juu ya jicho kuelekea nyuma. Wa saundersi una umbo la mraba na unakoma jichoni. Miguu ya albifrons ni ya njano ya kukolea, ya saundersi imefifia hadi kahawia. Kiuno cha saundersi ni kijivu sawa na mgongo, cha mwenzake ni cheupe zaidi. Weusi wa ncha ya bawa la saundersi ni mpana zaidi. Lakini Januari, midomo yote ni myeusi, miguu yote ni ya giza, mapaji yote yameyeyuka kuwa weupe. Hapo kinachobaki ni kijivu cha kiuno, kitu ambacho utakiona kwa nukta moja ndege akigeuka. Msimamo wangu ni mkali hapa: usipokiona, andika Sternula na uishie hapo. Wapo wanaoandika saundersi kwa sababu ndio wengi pwani hii. Wakifanya hivyo wote, albifrons akija hatajulikana kamwe, na ule wingi wa saundersi utaendelea kuthibitishwa na dhana yake yenyewe.

Faida ya kulitazama kundi zima, ndege mmoja mmoja, ilionekana nchini Taiwan mwaka 2000. Kishungi wa China, Thalasseus bernsteini, alikuwa amekatiwa tamaa kwa miongo mingi. Akapatikana visiwa vya Matsu, jozi nne zikizaa katikati ya kishungi wakubwa wengi ambao tayari walikuwa wanajulikana. Tofauti yake na jirani zake ilikuwa mgongo mweupe zaidi na ncha nyeusi ya mdomo.

Kwa anayekwenda kwenye fungu la Mikindani, fika saa moja kabla ya maji kujaa kabisa, jua likiwa nyuma yako, na kaa mbali kiasi kwamba ndege hawainui shingo. Anza na idadi ya wote. Kisha gawanya kwa ukubwa, kisha kwa mdomo, kisha kwa paji, na kila ndege asiyekubali aandikwe peke yake pamoja na sababu. Mwisho teremsha darubini hadi miguuni. Afrika Kusini, kwenye kisiwa cha Robben, vifaranga wa kishungi mkubwa wamevishwa pete za rangi zenye herufi zinazosomeka kwa darubini, na baadhi yao wameonekana tena mamia ya kilomita kutoka walikozaliwa. Pete ikionekana, andika rangi yake, mguu ulioivaa na herufi kwa mpangilio, halafu taarifa ipelekwe SAFRING, ofisi ya pete za ndege katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Ndege wengi husimama kwa mguu mmoja, mwingine wameuficha tumboni. Itabidi umsubiri abadilishe.